Katekista Aliyewafunika Wezi

Katekista wetu alikuwa na sikio moja na nusu. Nusu iliyokosekana ilibaki kwenye shamba la mihogo huko Murukulazo, siku walipomkamata mwizi wa mbuzi, na panga lililokusudiwa shingo ya mwizi likapitia kwake. Jicho la kushoto lilizimwa na jiwe hapa Runazi. Mkono wa kulia haukunyooka tena tangu vijana wa pikipiki walipouvunja kwa nondo, na mgongo wake, alipovua shati kuchimba kaburi la mtu, ulikuwa umejaa makovu hadi kiunoni. Ukimwuliza habari ya kovu lolote alikutajia jina la mwizi, si la aliyempiga. "Hili ni la Kaloli," angesema, "yule wa baiskeli." Waliompiga hakuwataja kamwe, na wengi wao walikuwa wanakwaya.

Sitasema alizaliwa na nani wala lini, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwuliza. Kwetu alikuwa Katekista tu, na mbele yake tulimwita Mwalimu.

Mtu asiyetoka huku lazima aelezwe habari ya mwano. Ni ukelele wa hatari. Kwetu Ngara tunauita induru. Huku Biharamulo, Wasukuma walipozidi kuwa wengi, neno lao likashinda. Ukisikia mwano unatoka, hata kama una sufuria mkononi. Unatoka na panga, au jembe, au mchi. Asiyetoka anahesabiwa kuwa mwenzake mwizi, na siku ng'ombe wake wakichukuliwa atapiga kelele peke yake. Na kama damu ya mtu imemwagika, kuna sheria nyingine juu ya hiyo: hakuna anayeanza mpaka mwenye msiba afike. Mwenye msiba ndiye anayepiga pigo la kwanza, wengine wanamalizia. Polisi wakija kutoka mjini wakiuliza nani kaua, wanaambiwa ni wananchi. Kila mtu anakwenda kunywa chai kwake.

Katekista alitii mwano kuliko mtu yeyote niliyemjua. Alikuwa akikimbia amevaa katambuga zake za tairi, magoti yakipanda juu, hata watoto wakamcheka wakimwiga. Alifika mikono mitupu, akapasua watu kwa viwiko, akajitupa juu ya yule aliyelala chini na kumfunika mwili mzima, kichwa kwa kichwa. Kisha, akiwa pale chini katikati ya miguu ya watu, alipaza sauti yake ya darasani: "Ya tano! Amri ya tano ni ipi?"

Usicheke. Nusu ya watu wale alikuwa amewafundisha yeye. Nimeona kwa macho yangu mwanamume mwenye ndevu, panga limeshapanda, akijibu "Usiue!" kama mtoto wa komunyo, kisha akashtuka na kuangalia huku na huku. Mara nyingine ilitosha. Mara nyingine wale ambao hawakusoma kwake walimpiga yeye na mwizi pamoja, wakamvuta miguu, wakammwagia petroli. Miguu yake chini ya magoti haikuwa na nywele. Iliungua siku alipomtoa kijana mmoja kwenye tairi linalowaka, na kijana mwenyewe akafa mikononi mwake kabla gari la hospitali halijafika. Si wote waliopona. Lakini hakukosa hata mwano mmoja.

Sisi tulijua anachotafuta, au tulidhani tunajua. "Yule anajiwekea akiba mbinguni," mama yangu alisema. Wengine walimtania, "Mwalimu, umeshapata kiti cha mbele, tuachie na sisi nafasi." Alitabasamu na kuendelea na safari yake. Hata mimi nilisema hivyo, mpaka siku alipomfunika mtu ambaye mwenye msiba wake nilikuwa mimi.

Usimfikirie kama mtu mpole. Alikuwa mkali, mkali wa kuudhi. Alinifundisha nikiwa msichana mdogo pale Murukulazo, kabla mimi na yeye hatujahamia huku Runazi, kwenye kigango chenye kengele ya rimu la lori, na fimbo yake niliijua vizuri kuliko baba yangu alivyonijua. Uongo ndio uliomtia wazimu. Ukichelewa ukasema ulikuwa unachunga, na hukuwa unachunga, alikuchapa mpaka ukome. Ukisema, "Nimechelewa kwa sababu sikutaka kuja," alikuambia ukae.

Shemeji yake alikuwa na tabia ya kumpiga mkewe, dada wa Katekista. Siku moja Katekista alimkuta kwenye kilabu cha rubisi, akaketi kwenye benchi, akanywa kibuyu chake taratibu mpaka mwisho, kisha akasimama na kumng'oa meno mawili kwa ngumi moja. Damu ilitapakaa juu ya pombe. Mzee wa kanisa alipomkemea alijibu, "Amri inasema usiue. Haisemi usipige." Alijua si jibu zuri. Jumapili iliyofuata alikaa nje ya kanisa wakati wa ibada yake mwenyewe, akamwachia mama mmoja asome masomo. Lakini kumwomba shemeji msamaha hakumwomba.

Tulipokuwa watoto tulimwuliza maswali ambayo watoto huuliza. Nisipoiba nitapata nini? Walimu wengine wa dini walitueleza habari za bustani na malaika. Yeye alisema, "Utapata kuwa mtu ambaye hajaiba." Tukamwona bahili. Tulitaka angalau pipi.

Na kuna jambo ambalo nilikuja kuliona nikiwa mtu mzima tu, nikirudisha picha nyuma. Tuliposali Nasadiki, sauti yake ilituongoza toka mwanzo, kubwa, iliyonyooka, mpaka kwenye maondoleo ya dhambi. Hapo aliinama kunyoosha mshumaa, au alifukuza kuku mlangoni. Ufufuko wa miili na uzima wa milele alituachia sisi watoto, tukavimalizia kwa kelele. Miaka yote ile sikumbuki kumsikia akitamka maneno hayo.

Kilichomtoa kwenye imani hiyo kilitoka mtoni. Nilikuwa mdogo mwaka ule maji yalipoleta watu waliouawa ng'ambo. Nakumbuka tu kwamba tulikatazwa kuchota, na kwamba wanaume walishuka bondeni na miti mirefu yenye ndoano na kurudi bila kuongea. Katekista alikuwa mmoja wao, kijana bado. Waliwavuta ukingoni, wengine wamefungwa mikono nyuma, wengine mama na mtoto wameunganishwa kwa kamba moja, wengine hawana cha kukuonyesha kama ni mwanamume au mwanamke. Alinisimulia habari hiyo mara moja tu, miaka mingi baadaye, akisubiri mahindi yake yasagwe kwenye mashine yangu.

"Nilianza kuwaombea mmoja mmoja," alisema. "Raha ya milele uwape. Kila mmoja. Mchana nikachoka, nikawaombea kwa makundi. Jioni nikasikia sauti yangu inasema maneno na mimi siko ndani yake. Kesho yake nikachimba tu. Nilichimba vizuri, Mama Editha. Makaburi ya kina, siyo ya kufukia fukia. Nikaona kuchimba vizuri kunatosha."

Nilimwambia kwamba wengi walioona mambo yale walizidi kusali. Akakubali. Akasema hata hilo silo lililommaliza. Lililommaliza ni mtu mmoja kambini, mkimbizi, mtu wa sala, aliyemfuata akitaka kumweleza kitu. Mtu huyo alikuwa amemkata jirani yake kwa panga, jirani waliyesali naye kanisa moja. "Nilimwombea kwanza," mtu huyo alisema. "Nikamwambia apige magoti, tukasali wote wawili, ndipo nikamkata. Najua alikwenda pema." Alisema hivyo kwa utulivu, akitaka apongezwe kidogo.

"Toka siku hiyo," Katekista aliniambia, "nikaona hiyo mbingu inapunguza uzito wa panga. Ukiamini unamhamisha tu mtu, mkono unakuwa mwepesi. Mimi nataka mkono uwe mzito."

Nilimwuliza kwa nini aliendelea kufundisha dini. Alinitazama na jicho lake moja, akashangaa kwamba nauliza. "Nilikuwa nafundisha amri," alisema. "Amri ziko wapi na mbingu? Zihesabu. Usiue, usizini, usiibe. Hakuna hata moja inayosema ili uende mahali. Ni ile ya nne peke yake yenye ahadi, waheshimu baba na mama upate miaka mingi na heri, wapi? Duniani! Kitabu chenyewe kinasema duniani." Akachukua unga wake akaenda, amefurahi sana na hoja yake.

Sasa niseme habari ya mume wangu.

Shamba letu la Runazi linapakana na la Anakleti. Mpakani kuna mlamula, kama ilivyo kwa watu wote, mti ambao ukiupanda hakuna mwenye haki ya kuugusa. Msimu ule Baba Editha aliona milamula mitatu imeng'olewa na kupandwa upya upande wetu, ndani ya maharage yangu. Alikwenda asubuhi kumwuliza Anakleti, mkono mtupu, na mswaki bado mdomoni. Hatukuwa na ugomvi na Anakleti. Mwezi uliotangulia alikuwa amekula kwetu. Sijui walisemezana nini. Najua Anakleti alikuwa na jembe, na alimpiga nalo kichwani, na Baba Editha alipoanguka alimpiga tena, na tena, mpaka uso haukuweza kutambulika. Nilimtambua kwa shati.

Mwano ulipigwa. Vijana walimkamata Anakleti bondeni kwenye matete kabla jua halijafika utosini. Walimfunga mikono kwa mpira wa baiskeli, wakamburuta hadi njia panda, wakamvunja miguu asikimbie, kisha wakasubiri. Walinituma mtu. "Mama Editha, tunakungoja wewe."

Nilikuwa nimemaliza kumwosha mume wangu uso, ule uliobaki. Niliinuka nikachukua panga lake nyuma ya mlango. Nakumbuka nilivyotembea. Sikuwa nalia. Nilikuwa na hasira nzuri, safi, niliyoitegemea inifikishe, na nilitaka njia isiishe na pia nilitaka nimeshafika.

Watu waliachana nikapita. Pale katikati, juu ya Anakleti, alikuwa Katekista.

"Ya tano!" alikuwa akipiga kelele. "Ya tano ni ipi?"

Siku hiyo hakuna aliyejibu. Aliinua kichwa akaniona. Mdomo una mazoea yake, nilisikia wangu ukisema, "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Toka hapo."

"Sitoki."

"Vaho, Mwarimu!" mtu mmoja wa kwetu Ngara alifoka. "Toka, usituharibie!"

Niliinua mkono wanyamaze. Nilikuwa na swali, na nilikuwa na haki ya kuuliza. Sijui lilitoka wapi. Labda nilikuwa natafuta mahali pa kulitua lile panga. Nilisema, "Mwalimu, wewe ndiye uliyenifundisha. Niambie hapa mbele za watu. Nikimwacha huyu, kuna moto unamngoja? Kuna mtu atakayemlipa? Sema kuna moto, nami nitarudi nyumbani nikazike."

Kila aliyekuwepo alisikia. Kila aliyekuwepo alijua jibu. Hata Anakleti alilijua, nilisikia sauti yake pale chini, mdomo umejaa damu: "Sema ndiyo, Mwalimu. Mwambie ndiyo."

Jasho lilikuwa linamtiririka Katekista kwenye lile sikio la nusu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Ya nane ni ipi?"

"Usiseme uongo," nilisema.

"Basi siwezi kukuambia ndiyo. Siamini kwamba upo. Zamani niliamini. Sasa siamini."

Watu waliguna, guno moja zito.

"Na mume wangu? Yuko wapi?"

"Yuko kwako chumbani, umemfunika shuka. Mahali pengine alipo, mimi sipajui."

Nililiinua panga. Nasema wazi, nililiinua juu yao wote wawili, na aliyekuwa juu ndiye niliyemchukia zaidi. Nilipiga kelele, "Kumbe hakuna wa kumlipa! Kumbe nikimwacha ndiyo amepona hivyo!"

"Ukimkata ndipo atakapopona!" alinipigia kelele naye, mate yakimtoka. "Fikiri, mwanangu! Jioni hii hatakuwa na njaa, hatakuwa na aibu, hatamwona Editha akikua bila baba. Umemmaliza, amekwisha, yuko huru. Na wewe hutakwisha, utaamka kesho na mikono hiyo. Unataka alipe? Hakuna mahali pengine pa kulipia. Ni hapa tu. Mwache hapa!"

Jiwe lilitoka nyuma yangu. Sikumwona aliyelirusha, ila nilisikia alichosema aliporusha: "Mpagani!" Lilimpiga Katekista kwenye jicho, na jicho likapasuka mbele yangu kama yai. Hakutoka juu ya Anakleti. Lilikuja la pili, na mpini, na teke. Watu wale walikuwa wamekuja kumwua muuaji na sasa walikuwa wanampiga Katekista kwa sababu ya mbingu, na mikono yao, niliiona, ilikuwa myepesi sana.

Nilikaa chini.

Nilichomeka panga kwenye udongo nikakaa chini mbele yao, nguo yangu kwenye damu. Mwenye msiba akikaa, mambo yamekwisha. Hakuna anayeweza kupiga. Wengine walinitukana. Mama mmoja alinitemea mate. Sikukaa kwa huruma, watu wasinisifu bure. Sikuwa na huruma hata tone. Nilikaa kwa sababu nilimwamini. Nilitaka Anakleti aamke kesho yake, na kesho kutwa, awe na njaa, aone.

Polisi walikuja wakawachukua wote wawili kwenye gari moja, mmoja kwenda hospitali na mwingine kwenda hospitali chini ya ulinzi.

Ukatekista ulimtoka pale pale njia panda. Kigango kilikaa kikao jicho lake likiwa bado na bandeji. Padri, kijana mwenye adabu, alimwomba aseme tu kwamba siku ile alichanganyikiwa kwa maumivu. Alijibu kwamba jiwe lilikuja baada ya maneno, siyo kabla. Mwenyekiti wa kigango alisimama akauliza kile ambacho kila mtu alitaka kuuliza: kama hakuna moto, nani atashika amri? Si kila mtu ataiba, ataua, atafanya anavyotaka?

"Wewe, Mwenyekiti," Katekista alisema, "ukijua leo kwamba hakuna moto, utaniibia?"

"Mimi? Siwezi!"

"Basi kwa nini unawatukana wenzako?"

Watu walicheka, na bado wakamwondoa. Mimi nilikuwepo na sikumtetea. Niliwaona wana haki. Mtu asiyeamini uzima wa milele hawezi kusimama mbele ya watoto na kuwafundisha. Hata leo nasema hivyo. Aliendelea kuja kila Jumapili, akakaa benchi la mwisho, akafagia kanisa Jumamosi bila kuombwa. Na mwano ukipigwa alikimbia, mbio zimepungua, jicho moja, akijikwaa. Wakampiga zaidi kuliko zamani, kwa kuwa sasa hakuwa na kanisa nyuma yake. Ule mkono ulivunjika wakati huo.

Nilibishana naye miaka. Alikuja na debe lake la mahindi, na kabla mkanda haujaanza kuzunguka tulikuwa tumeshaanza. Nilimwambia, "Mimi naamini, Mwalimu. Baba Editha yuko mahali. Siwezi kuishi akiwa hayuko popote."

"Amini," alisema. "Mimi sijakuambia usiamini. Wewe ndiye uliyeniuliza mimi."

"Ungenidanganya."

"Ndiyo. Ingekuwa rahisi." Kisha akapuliza unga kwenye ndevu zake.

Hasira yangu kwake haikuisha. Niseme ukweli, ilikuwa imechanganyika na kitu kingine, kwa sababu usiku wa kuamkia maziko niliamka na mikono yangu, nikaiangalia, nikailaza tena. Hilo alinipa yeye. Lakini ladha yake ilikuwa chungu, na nilitaka anayenipa aamini angalau kwamba kuna atakayenishukuru.

Anakleti alipotoka gerezani alirudi Runazi akichechemea. Ndugu zake walikuwa wameuza shamba na kwenda. Hakuna aliyempa hata banda. Katekista alimpa chumba. Niliposikia nilifunga mashine katikati ya mchana, nikaenda mpaka kwake, nikasimama uani nikamtukana mbele ya binti yake matusi ambayo sitayaandika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nilikuambia aishi hapa. Sasa aishi wapi?"

Nikamwambia huyo mtu asilete mahindi mashineni kwangu. Hakuleta, alisagisha kijiji cha pili, akitembea na mguu ule mbovu. Njiani alinisalimia. "Habari za asubuhi, mama." Kila tulipokutana. Sikumjibu hata siku moja. Huku kwetu kutojibu salamu ni jambo kubwa. Kuna watu wanaona ni afadhali utukane. Nililifanya kwa makusudi na sikuchoka. Nilimwona akizeeka, akila peke yake harusini, akiinamisha kichwa Editha alipopita na sare ya shule na baadaye na mtoto wake mgongoni. Alikuwa analipa. Nilitazama kila siku, na sikushiba.

Mwaka huu, tulipokuwa tunapura maharage, Katekista alianguka hakuinuka tena. Upande mmoja ulikufa. Mwili uliopigwa vile haukuwa na akiba. Padri alikwenda, yule yule, sasa ana mvi, na wakaniambia Katekista alimwuliza, "Padri, nikikubali kwa sababu ya hofu, itakuwa uongo?" Padri akacheka huku analia, akampaka mafuta, naye akaacha apakwe.

Nilikwenda mchana na chupa ya uji. Binti yake alikuwa amekwenda mjini kutafuta dawa ya vidonda. Chumba kilinuka vidonda vya mgongo, vile vinavyompata mtu asiyegeuka. Pembeni ya kitanda, kwenye kigoda, alikaa Anakleti na beseni la maji. Alisimama haraka akaegemea ukuta ili mimi nipate nafasi. Hatukuwahi kuwa ndani ya chumba kimoja toka alipokula kwangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Maneno yalitoka upande mmoja wa mdomo.

"Unaogopa?"

"Sana," alisema. "Sana, Mama Editha."

Nililia. Nilimpenda mzee huyu, nalisema sasa, na nilimtaka awe na mahali pa kwenda. Nikamwambia, "Basi sema tu. Hata ukinidanganya mimi. Sema unaona kitu."

Jicho lake lilitabasamu kabla ya mdomo. "Ya nane," alisema.

"Umepata nini sasa, Mwalimu? Maisha yote haya, sikio, jicho, mkono. Umepata nini?"

Aligeuza jicho kuelekea ukutani, kwa Anakleti, likakaa hapo, kisha likarudi kwangu, likakaa kwangu muda ule ule. Halafu uso ukamkunjamana, akatoa mlio ambao sikuwahi kuusikia kwake katika vipigo vyote nilivyoshuhudia.

"Ni mgongo," Anakleti alisema, akiangalia sakafu. "Inabidi ageuzwe. Nikimgeuza peke yangu namburuta, vidonda vinachanika. Binti yake ndiye hushika upande ule. Nitakwenda kumwita mtu."

Nilitazama mikono yake. Ilikuwa imelowa maji ya beseni. Niliijua mikono ile. Niliifikiria kila siku toka asubuhi ile, na sasa ilikuwa na kitambaa cha kuoshea. Sijamsamehe. Sikumsamehe pale pia, na kama Baba Editha ananiona kutoka mahali alipo, anajua. Sikuwaza kuhusu mbinguni. Nilimsikia mzee akitoa mlio ule tena.

Nilizunguka kitanda nikamshika Katekista miguu, ile isiyo na nywele. Anakleti alikuja upande wa kichwa, akapitisha mikono chini ya mabega, akangoja. Hakuthubutu kuniambia kitu. Aliinama hapo amemkumbatia mzee, shingo yake imenielekea, akingoja.

"Inua," nilimwambia.